Taa ya Buluu

Mfuko wa chakula cha samaki umepanda tena.
Leang wa dukani alinitajia bei
bila kuinua macho kwenye kikokotoo,
kama daktari anayesoma jina la ugonjwa.
Nilinunua nusu. Nusu ya pili nikamwachia
yeye na panya wake.

Lakini kambare mia nane hawajui nusu.
Asubuhi walinisubiri ukingoni, ndevu juu,
bwawa zima mdomo mmoja.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio.
Uvunguni mwa kitanda aliniachia
nyaya, betri ya pikipiki, na taa ndefu ya buluu
aliyoapa kwamba siku moja itafaa.
Miaka sita nafagia kuizunguka.
Jumanne nikaivuta, nikaipangusa utando wa buibui,
nikaining'iniza kati ya mianzi miwili,
mkono mmoja juu ya maji,
nikaunga waya mwekundu na mwekundu mwenzake
huku nikimtukana Pheakdey, kidogo, kwa mapenzi.

Ikawaka.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Maji ya buluu, mikono yangu ya buluu.
Kisha nondo mmoja, kama mgeni aliyewahi mno harusini.
Kisha giza lote la Prey Veng
likaota mabawa, likaja:
nyenje wanene, kumbikumbi wa mvua ya jana,
mende wa maji wenye migongo kama vifungo vya koti,
na vile vidudu vyembamba ambavyo mama yangu
aliviita "wale wa kwenye supu", basi.
Wakaigonga taa, ti, ti, ti.
Wakaanguka.
Chini yao maji yakachemka bila moto.

Wale nyenje wanono niliwahi kuwaokota mwenyewe.
Kitunguu saumu, chumvi, mafuta kijiko.
Usiku ule mimi na samaki tulikula sahani moja.

Siku ya nne alikuja Yoeun, mwenye shamba la kusini,
suruali imekunjwa hadi magotini.
"Unaita wadudu wa wilaya nzima, Sokhom!
Wakiichoka taa yako watalala wapi? Kwenye mpunga wangu!"
Sikuwa na jibu. Nilimpa kambare mmoja.
Akamchukua, akaendelea kukasirika.

Sitaki kusema uongo: taa haikulisha bwawa.
Siku za mwezi mpevu hawakuja hata kumi,
na Leang bado ananiona dukani kwake.
Ila ile nusu ya mfuko ilivuka mwezi,
ikaingia wa pili ikichechemea,
na kambare, nikiwashika, walikuwa na shingo.

Mwezi wa tisa panzi wa kahawia, wadogo kama punje,
walishuka kwenye mashina ya Yoeun.
Mpunga ukaanza kuungua kwa viraka, bila moshi.
Usiku nikasikia mtu anakohoa kwenye ua
kikohozi cha mtu asiyeumwa.
"Ule waya wako," akasema,
"una urefu gani?"

Tukaihamisha mianzi pamoja, hadi kona ya bwawa
inayogusa shamba lake.
Hakuomba radhi. Mimi nami sikumwambia aombe;
nilimwambia ashike ngazi vizuri.
Aliokoa alichookoa. Kilichoungua kiliungua.

Jana betri imekufa saa mbili na nusu.
Nilitoka na tochi nikaielekeza kwenye maji,
nikawakuta wote pale, chini ya taa iliyozimika,
wakifungua na kufunga midomo
kuelekea mahali mwanga ulipokuwa.

Nikazima tochi.
Nikakaa nao kidogo.
Leo binti wa Yoeun ameichukua betri kwa baiskeli
kwenda kuichaji; amesema kabla ya jua kuzama.
Nimeshasuuza kikaango.