Siwema

Mimi nilikuwa wa nyaya.
Nakunja, nakunjua, nalamba kidole nagusa plagi
(usinicheke, ndivyo tulivyopima umeme Magomeni),
kwa hiyo Siwema binti Kondo nilimwona kwa nyuma:
zipu iliyofungwa kwa pini,
visigino vyenye nyufa ndani ya viatu vya kuazima.

Mchana alikuwa kiwandani Ubungo, akichapa kanga.
Nyuzi za pamba zikamfuata nywelini hadi jukwaani,
watu wakadhani ni mapambo.

Jina alipewa na mama aliyekwisha zika watatu:
Siwema, ili kifo kimtazame, kisonye, kipite.
Kilipita. Wengine hawakupita.
Shemeji na bakora mlangoni.
Mume, aliyesema chagua,
naye akachagua,
akatoka na sanduku la bati na beseni moja.

Na uimbaji wake sasa. Ngoma ikisema njoo,
haji. Tarumbeta linamwita, hageuki.
Anachelewa, anachelewa makusudi,
kama mgeni anayejua
pilau haitapakuliwa bila yeye,
kisha anaingia, polepole, na neno moja,
na gitaa la besi linasogea kumpisha kiti.

Mwaka wa koo, Muhimbili wakampasua.
Daktari akasema: kuongea, utaongea.
Miezi saba akaandika kwa chaki ukutani:
chumvi. mkaa. maji. nani kafa?

Aliporudi, ukumbi ulijaa hadi madirishani.
Tukafika pale, kwenye kile kilele chake
alichokuwa akikipanda bila ngazi.
Nikaongeza sauti kwenye mashine, mjinga mimi,
nikidhani waya utamsaidia.

Hakupanda.
Pale juu akapaacha wazi, mapigo manne,
na watu mia tatu wakainua vichwa
kuitazama noti isiyokuwepo.
Ndipo akashuka, chini ya alikozoea,
kwenye sauti yenye kokoto na masizi,
akatuokota mmoja mmoja.

Kanda zake redioni zilifutwa.
Walirekodi juu yake bei ya korosho.

Juzi nilikwenda kumtengenezea redio.
Yupo kibarazani, anachagua mchele.
Binti mmoja anaimba, kijana, koo zima.
Siwema anasikiliza, kidole kinagonga ungo
nyuma kidogo ya ngoma.
"Anaweza," anasema. "Ila anawahi.
Anawahi nini?"
Na chuya anawatupia kuku.