Rangi Mbichi

Saa kumi alfajiri, Bilbao. Mvua imepumua kidogo.
Koldo amepiga magoti katikati ya barabara,
anachora thelathini:
tatu yenye matumbo mawili, kisha sifuri
ndefu kama mtu aliyelala,
maana dereva huisoma akiwa mbali.

Hapa ndipo Nekane, muuza magazeti,
alipoacha kiatu kimoja mwezi Machi.
Kamba yake ilikuwa bado imefungwa.

Gari likaja. Halikupunguza.
Likaangusha koni, likakanyaga sifuri,
likapanda mtaa na weupe kwenye magurudumu.

Koldo hakutukana. Aliinua taa,
akafuata alama: kona ya duka la mikate,
ngazi za kanisa, mtaa wa tatu,
zikififia, zikififia,
mpaka mlango ambao kitasa chake anakijua gizani.

Boneti bado ya moto.
Juu, dirishani, Unai mwanawe anapiga mswaki.

Akaweka kiganja juu ya bati lile
hadi likapoa.
Kisha akabonyeza kengele ya nyumba yake mwenyewe,
brashi mkononi.

“Vaa viatu,” akasema. “Vyote viwili.
Kuna sifuri inakungoja.”