Sudusi

Kwetu Meneng hatutii alama moja tukaenda zetu.
Tunawapanga wote, wa kwanza hadi wa nane;
ukimruka mmoja, karatasi yako imeharibika.
Wa kwanza hupata kura nzima,
wa pili nusu, wa tatu theluthi, wa nne robo,
hivyo hivyo hadi thumuni,
kama mirathi ya marehemu mwenye watoto wengi.

Penseli imefungwa kwa uzi wa nailoni.
Nje, lori la maji linapiga honi.
Nauru ni ndogo: bandika wali, kizunguke kisiwa kwa gari,
urudi, bado haujaiva.
Majina manane, na hakuna
nisiyejua jikoni kwake kunanukia nini.

Moja: Eidanuwa, nesi,
aliyemwosha mama hadi asubuhi ile.
Mbili: Ribauwe, fundi wa mabomba.
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Hawajakaa Meneng mwezi wa ukame.

Penseli ikasita.
Detogia. Tumbo moja, kitanda kimoja,
na pesa za baba za fosfeti
ambazo, anasema, zililiwa na benki.
Nikaandika tatu.

Nne, tano, sikufikiri sana.
Sita: Yeremia, aliyenioa akaniacha.
Si wa mwisho, kwa sababu karo ya mtoto huleta,
ingawa mpaka umfuate.

Alfajiri redio ilisoma desimali
kama anayesoma majina ya msibani.
Kiti cha mwisho, Yeremia.
Detogia amekosa kwa sifuri nukta moja tano.

Nikageuza bahasha ya bili ya umeme.
Nusu, toa theluthi.
Baki sudusi.
Sudusi ni sifuri nukta moja sita na ushei.
Nikarudia kwa kalamu nyingine.
Ikabaki ileile.

Mchana akaja, akakaa anapokaa siku zote,
mgongo umeegemea friji.
"Mtu mmoja tu, dada," akasema.
"Mtu mmoja angenipandisha ngazi moja.
Nikipita barabarani nawatazama wote usoni."

Nilikuwa na samaki mmoja.
Kisu kilifika katikati ya uti
nikakitoa.

"Unanipa mzima?"
"Kula," nikamwambia. "Ndimu iko hapo."