Kijiko na Futi

Miaka kumi na tisa nashona Gulu, futi shingoni.
Navijua viuno vya masista, vifua vya askari jela,
nawajua mabibi harusi wanaobana pumzi nikipima,
nami huongeza inchi mbili kimyakimya,
maana pumzi haifungiki hadi jioni.
Kiuno changu tu ndicho sikukijua.

Zipu ya rinda langu ilipokataa
niliilaumu zipu. Nikaibadilisha.
Ya pili nayo ikakataa.
Hapo nikanyamaza.

Nikaanza kwa hasira, kama waanzavyo wengi.
Mafuta, nje! Nikafukuza chupa, nikafukuza karanga,
nikafukuza odii, ile rojo ya simsim niliyolelewa nayo.
Boo nikaichemsha kwa maji na chumvi,
nikaila kama mtu anayetumikia kifungo.
Wiki ya tatu ngozi ikapauka kama ukuta wa chokaa.
Mchana nilikuwa mtakatifu;
saa nne usiku nikanunua mandazi sita kwa Lamunu,
nikayala gizani, nimesimama,
ili yasihesabiwe.

Mama akaja na basi la asubuhi kutoka Kitgum,
mapajani kichupa cha moo yaa,
mafuta ya kokwa alizookota mwenyewe, yananukia moshi.
Akaonja mboga yangu. Akaweka kijiko chini.
“Nani amekufa humu ndani?”
Nikamweleza habari za unene.
Akacheka hadi kilemba kikamteleza.
“Wewe si fundi? Cherehani ikikwama
unaikausha mafuta?
Tone, Adokorach. Si ndoo. Tone.”

Basi tukapima.
Odii kijiko kimoja, kikwanguliwe kwa kisu,
kisiwe na kilima.
Moo yaa juu ya malakwang, kidogo tu, majani yakang’aa,
na tumbo langu, lililokuwa likinililia usiku kucha,
likalala.
Mandazi ya Lamunu nimemwachia Lamunu.
Simsemi vibaya. Lakini mafuta ya karai lile
yanachemka tangu Jumatatu, na leo ni Ijumaa.

Na mwili? Miguu yangu ilijua kanyagio tu.
Nikajaza mchanga jerikani mbili za lita tano,
alfajiri nazibeba, mlangoni hadi kwenye bomba, na kurudi,
nachuchumaa, nainuka, nachuchumaa,
jogoo wa Ojara akinikodolea jicho kama refa.
Watoto wake wakahesabu kwa sauti;
nikidanganya, walianza upya kwenye moja.
Jumamosi nikauzunguka uwanja wa Pece
nikitembea.
Mwezi wa tatu nikakimbia,
upande wenye kivuli tu.

Sokoni kuna kijana mwenye mizani, mia tatu kupanda.
Mwezi wa kwanza: themanini na nne.
Mwezi wa tatu: themanini na tatu.
“Kilo moja, mama! Hela hii ungenunua soda.”
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
nikarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Nikafunga mlango. Nikavua futi shingoni.
Mara ya kwanza nikajizungushia mwenyewe,
bila kubana pumzi, bila kujiongezea huruma.
Nikasoma. Nikasogea dirishani, nikasoma tena.
Inchi tatu.
Paja limekaza kama ubao wa kukatia vitambaa,
na begani, mahali pa jerikani,
kuna kitu kigumu ambacho sikukizaliwa nacho.
Mizani hupima mzigo;
haiulizi kama umebeba pamba au chuma.

Usiku ule nililifumua rinda,
nikalipunguza pande zote mbili.
Ila ndani ya mshono nimeacha akiba ya kitambaa,
upana wa vidole viwili.
Krismasi inakuja, na mama ataleta kichupa kingine,
na mimi najifahamu.