Chupa ya Saba

Mama alinitumia chipukizi kwa basi kutoka Taveta,
ndani ya gunia la sukari, tope bado bichi.
"Ndilo la mwisho," alisema kwenye simu.
"Mnyauko umemaliza upande wote huu wa mfereji."
Mkono wa tembo: zile ndizi
ambazo mbili tu zilijaza sufuria.

Hapa Kabete nililivua maganda, moja, jingine,
hadi nikabaki na moyo mweupe
usiozidi punje ya mchele.
Kisu kikapita motoni. Nikakata
pumzi nimeibana, kama anayemnyoa mtoto usingizini.

Miezi minane sikuwa na mgomba wowote.
Nilikuwa na uji:
chembe za manjano zikielea chupani,
mashine ikizitikisa usiku kucha
kama yaya asiyeambiwa kuwa mtoto amelala.
Mama akipiga: "Limeota?"
Bado ni seli, mama.
"Seli? Kwani limefanya kosa gani?"

Jumanne moja stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Kufikia Ijumaa ukungu ulikuwa umezivika chupa sufi shingoni.
Hamsini na tatu, kati ya sitini.
Bwana Okwaro akaandika "uchafuzi" daftarini,
akapiga mstari kwa rula, akaenda kunywa chai.
Mimi nikazibeba hadi kwenye jungu la mvuke,
nikazipika zote.
Jioni hiyo simu ya mama sikuipokea.

Katika zile saba zilizobaki,
ya saba ikaingiwa na kijani.
Doa. Halafu pembe. Halafu jani
lililojiviringa kama tiketi iliyosahauliwa mfukoni.

Wanasema mgomba haushindwi na mkunguwe.
Huyu hajui mkungu,
hajui upepo, jani lake halina hata mpasuko mmoja.
Nilimtoa kwenye jeli, nikamwosha mizizi,
nikampanda katika kikombe cha mtindi kilichotobolewa;
baridi ya Julai ikamwinamisha siku tatu.
Ya nne nilimkuta amesimama,
nami nikakaa chini, sakafuni, na koti langu jeupe.

"Anaitwa nani?" mama akauliza.
Nikamsomea kibandiko: MT, saba, mkwaju, kumi na mbili.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Namba ni ya mfungwa," akasema. "Mtoe huko.
Shimo nimelichimba tangu Januari, ng'ambo ya mfereji.
Mvua imeshalijaza mara mbili."