Korongo wa Bonde la Lambwe

Korongo ni ndege, nilifunzwa shuleni,
miguu mirefu, shingo ya kuuliza maswali.
Korongo ni ufa pia, jeraha la mvua
katika shamba lisilo na matuta.
Kwa hiyo langoni pa Ruma, Naliaka, askari wa wanyama,
aliposema, akihesabu chenji mara ya pili,
"Mkibahatika mtamwona korongo,"
mimi nilitazama juu.

Alicheka hadi kofia ikamwinama.
"Huyu ana pembe, dada. Ana uso wa kinyago,
ana masikio ya punda aliyesikia siri.
Kwingine kote nchini amekwisha.
Hapa tunawajua mmoja mmoja, kama madeni."
Akaingia nasi garini, bunduki kati ya magoti.

Mama alikuwa kimya kwenye Probox ya kukodi,
ndani ya sare yake ya kanisa, ya buluu,
ile ya mazishi, ya harusi, ya safari zenye maana.
Hakuna aliyetuonya kwamba mbung'o hupenda buluu.
Walikuja kabla ya twiga, kabla ya pundamilia,
wakagonga vioo kama wageni wenye haki.

Kisha tukaviona, kwenye migunga,
vitambaa vya buluu na vyeusi vinaning'inia.
Mitego, alisema Naliaka. Mbung'o hufuata rangi, hufa.
Mama akateremsha kioo nusu.
"Basi wamekivika kichaka sare yangu,"
akasema. Neno lake la kwanza tangu Homa Bay.

La pili lilikuwa refu.
"Nilikuwa na miaka saba walipoanza kulala.
Kwanza kaka yangu Oloo, akisinzia juu ya uji.
Kisha shangazi Abuya, akisinzia huku anatembea.
Hatukufukuzwa. Usiandike kwamba tulifukuzwa.
Tulichoka kuzika, tukapanda mlima."

Kuna sheria mbugani: hakuna kushuka garini.
Mama alishuka.
Alikuwa ameona minyaa, duara la ua
lililong'oka meno, nyasi zimefika kiunoni.
Kwangu vilikuwa vichaka.
"Gunda," akasema, boma lililobaki bila moto,
akaonyesha kwa kidevu: lango, zizi, ghala,
nyumba ya mke wa kwanza ikitazamana na lango,
jiwe la kusagia, na jiwe lilikuwepo kweli,
tumbo limebonyea, limejaa mavi ya digidigi.
Alipita akiinama kidogo
chini ya vizingiti vilivyooza zamani.
Naliaka alimfuata na bunduki begani,
asijue amlinde nani dhidi ya nini.

Hapo akatokea,
nyuma ya ghala lisilokuwepo,
rangi ya chai yenye maziwa mengi,
uso mweusi, uso mweupe,
kama kijana wa tero buru aliyejipaka majivu
akaenda kufukuza mauti nyikani
na wenzake wakasahau kumwita arudi.

Mbung'o mmoja alikuwa ametua shingoni mwa Mama.
Mwingine shingoni mwake.
Hakuna aliyejipiga kofi, wala aliyepunga mkia.

Mama akamtaja kwa Kijaluo,
jina nisilowahi kulisikia,
si kwake, si kwa nyanya, si redioni.
Alilitaja kama unavyomwita mtoto wa jirani
aliyekawia kwenye kisima.
Masikio yale marefu yakageuka,
moja kwanza, halafu la pili.
Kisha nyasi zikafunga.

"Rudia, mama," Naliaka akanong'ona.
"Miaka minne ninawahesabu. Sijawahi kuambiwa."
Akaandika nyuma ya risiti yetu, akakosea, akafuta kwa mate,
Mbukusu wa Kimilili akiendesha kalamu Kijaluo,
Mama akimsahihisha herufi baada ya herufi,
mkali, kama mwalimu wa darasa la kwanza.
Akaikunja, akaitia mfuko wa kifua, akafunga kifungo.

Jioni, langoni, kijana wa zamu akataka risiti.
Hatukuwa nayo.
Nikaanza kueleza. Mama alikuwa anajikuna shingo.
"Mwambie tumelipa," akasema.