Kofia Tatu, Shingo Moja

Ukinunua sweta Maskati watu hukucheka.
Muuzaji wa Ruwi alinitazama
kana kwamba nimeulizia theluji kwa kilo.
Mama, aliyezaliwa Wete na kuzeekea jua hili,
yeye hakucheka. Alisema:
Asila, baridi ya mlimani haina adabu,
huingia bila hodi. Vaa.

Nikavaa.
Fulana ya mikono mirefu, nyembamba kama ganda la kitunguu,
ina kofia yake ndogo yenye kubana masikio.
Juu yake sweta zito la kijivu, la Ghasani;
aliliacha garini mwangu alipohamia Salala
na hakuna aliyeuliza tena.
Kofia yake imelegea, kamba moja haipo.
Kisha koti jekundu la kuzuia upepo,
linalokwaruza kama mfuko wa chipsi,
nalo lina kofia, na kofia ina ukingo.
Nikajisemea: kinga haizidi.

Jabal Shams, saa kumi na mbili, kabla ya jua.
Maji ya chupani yamefanya utando.
Nimezivuta zote tatu kichwani, moja juu ya moja,
na shingoni pana donge
kama nimebeba mtoto aliyegoma kushuka.
Nageuka kulia: mimi nageuka, kofia hazigeuki.
Naona pamba. Naona mshono.
Nasikia pumzi zangu tu, zikinirudia kama umbeya.

Shinuna ananiita.
Ameniita mara ngapi, sijui.

Kumbe mbuzi,
mbuzi wa mlimani, ndevu zina umande ulioganda,
kichwa wazi, masikio wazi,
yuko nyuma yangu anamalizia mkate wa kumimina
wa mama, pamoja na karatasi yake.
Shinuna alicheka hadi chai ikamwagika,
na chai ikapoa kabla haijafika chini.

Nikavua. Baridi ikanizaba kofi la haki.
Nikapanga upya, meno yakigongana:
ile nyembamba ibaki, maana hugeuka nami kama ngozi;
ya koti ingoje mgongoni
mpaka upepo wa bondeni upande kudai chake.
Ila la katikati. Hapo ndipo.
La katikati halihitaji kofia, linahitaji kifua tu,
na hili la Ghasani lilikuwa kofia zaidi kuliko kifua.

Shinuna alikuwa na sweta la ziada, la kola fupi,
linanuka ubani na petroli.
Nikalivaa bila kuuliza.
La Ghasani nikalikunja mara mbili, kisha ya tatu,
nikaliweka juu ya jiwe,
nikalikalia.

Jua likagusa ukuta wa ng'ambo, mstari mwembamba,
rangi ya komamanga lililopasuliwa jana.
Nyuma yangu kokoto zikalia.
Nikageuka, mzima mzima, kichwa na kofia yake.
Safari hii tukatazamana.